Mgongo kwenye taa: kuwaelewa nondo wa uani na kuwapiga picha

Ukiandika neno "nondo" kwenye intaneti, kinachokuja kwanza ni bei ya chuma: milimita 10, milimita 12, milimita 16. Ukisogea mbele kidogo unakutana na vijana wanaomsifia mtu "kashusha nondo" kwenye mdahalo. Mdudu mwenyewe yuko mkiani, na akitajwa anatajwa kwa ubaya: katoboa sweta, au watoto wake wamemaliza mahindi ya watu. Hata Injili ya Mathayo inampanga foleni moja na kutu na wezi. Sarufi peke yake ndiyo inayomtendea haki, maana chuma ni nondo hizi na mdudu ni nondo hawa.

Ninaowazungumzia ni hawa. Ninaishi Morogoro, upande wa chini wa milima ya Uluguru, kwenye nyumba yenye ua wa kawaida tu: mipapai mitatu, mlimau mmoja, asumini ya mama mwenye nyumba, na taa ya ulinzi juu ya mlango wa jikoni. Kila asubuhi ya masika nilikuwa nafagia mabawa chini ya taa ile. Mabawa matupu. Miili ilikuwa imeshaliwa na popo, na ndege wa alfajiri, na wale mijusi kafiri wawili waliojimilikisha ukuta. Siku moja nikaliokota bawa moja badala ya kulifagia. Lilikuwa na duara la manjano lenye ukingo mweusi, kama jicho la mtu aliyeshtuka, na katikati ya duara kulikuwa na kidirisha, sehemu isiyo na rangi yoyote, unaona mpaka upande wa pili. Nikajiuliza: mwenye bawa hili alifuata nini kwenye taa yangu?

Ukilijibu swali hilo, utajua uwashe balbu gani, shuka ulitundike wapi, uzime saa ngapi, na kwa nini picha zako zinatoka rangi ya zambarau. Wengi wanaotaka kupiga picha za nondo huanza na kamera. Mimi nadhani mtu aanze na taa.

Nondo na kipepeo, harakaharaka

Nondo na kipepeo ni wa ukoo mmoja, Lepidoptera, jina la Kigiriki linalomaanisha mabawa yenye magamba. Unga unaobaki vidoleni ukimshika mmojawapo ndiyo magamba yenyewe. Si sumu na haupofushi macho, ila akipoteza mengi mdudu anaharibikiwa. Katika ukoo huu wataalamu wameshaelezea spishi 160,000 hivi, na vipepeo hawafiki hata 20,000 kati yao. Kwa hiyo kipepeo ndiye mtoto wa nje. Nondo ndio ukoo.

Kuwatofautisha usiku si kazi, tazama vipapasio. Vya kipepeo vina kirungu nchani. Vya nondo ni kama uzi, au kama unyoya, na unyoya huo ukiwa mpana ujue umekutana na dume. Anautumia kunusa. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Adolf Butenandt alifanikiwa kutenga harufu anayoitoa nondo jike wa hariri kumwita dume; alihitaji majike karibu nusu milioni kupata kiasi kidogo cha kupima. Dume yeye hahitaji kiasi hicho. Chembechembe chache zikigusa unyoya wake, anageuka kuufuata upepo.

Yule mwenye jicho la manjano aliyeacha bawa lake jikoni kwangu ni wa familia ya Saturniidae, na watu wazima wa familia hii hawali kabisa. Mdomo wao umedumaa. Wanaishi siku chache kwa mafuta waliyoyaweka wakiwa viwavi, wanatafutana, wanataga, basi. Usiku mmoja uliopotezwa kwenye balbu ni sehemu kubwa ya maisha ya mdudu kama huyu.

Kwa nini taa

Jibu tulilolikuta shuleni, kama tulilikuta, lilikuwa la mwezi: nondo husafiri kwa kuuweka mwezi kwenye pembe ileile, na kwa kuwa mwezi uko mbali mno, pembe haibadiliki akisonga. Taa ikiwa karibu, pembe inabadilika kila sekunde, naye anajirekebisha na kujirekebisha mpaka anajikuta anazunguka kuelekea katikati. Maelezo matamu. Mengine yalisema anafuata joto, kama alivyofuata moto wa mshumaa. Mengine tena yalisema mwanga unampofusha akashindwa kuondoka.

La joto liliuawa na balbu za LED, ambazo hazina joto la maana na bado zinajaza wadudu. La mwezi lilidumu zaidi, mpaka watu walipopata kamera za kasi za kutosha kuona kinachotokea hasa. Januari 2024 timu ya watafiti, wakiwemo Samuel Fabian wa Imperial College London na Yash Sondhi aliyekuwa Florida, ilichapisha kazi yake kwenye jarida la Nature Communications. Waliwarekodi wadudu maabara na porini Costa Rica, wakafuatilia mdudu alivyoelekea na mwili wake ulivyolala kila alipokata kona. Wadudu hawakuwa wanaifuata taa hata kidogo. Walikuwa wanaigeuzia mgongo.

Hapa inabidi twende polepole. Mdudu arukaye ana tatizo ambalo sisi hatulijui: hana uhakika juu ni wapi. Wewe ukisimama unahisi uzito wako unavyovutwa chini. Mdudu mdogo anayekata kona kwa kasi anarushwa huku na huku, na kuvutwa kwa ardhi kunapotea ndani ya vurugu hiyo. Kwa mamilioni ya miaka palikuwa na kanuni moja rahisi isiyodanganya: mbingu ina mwanga kuliko ardhi, hata usiku wa giza. Ukiuweka mgongo upande wenye mwanga, umekaa sawa.

Kisha tukaleta balbu. Nondo anapita ubavuni mwa taa yako, mwili unatii kanuni ya zamani, mgongo unainamia kwenye mwanga. Ukiinamisha mgongo upande mmoja huku unaruka, unakata kona. Unakata kona tena. Unaizunguka taa bila kuitaka. Akipita juu ya taa, mgongo wake sasa uko upande usio na mwanga, kwa hiyo anajigeuza tumbo juu na kuporomoka. Akipita chini yake, anainua kichwa, anapanda, kasi inamwishia, anasimama hewani. Ukikaa dakika kumi chini ya taa ya nje leo usiku utawaona wote watatu: anayezunguka, anayeanguka, anayepanda na kukwama. Mimi nilikuwa nimewatazama maisha yangu yote nikidhani ni fujo tu.

Watafiti walitandaza kitambaa juu na kukimulika, kikawa kama mbingu ndogo yenye mwanga sawasawa, na wadudu wakaruka chini yake bila shida. Mwanga ulipotoka chini, walipinduka. Wapo waliokataa kutii, na mmoja ni jirani yetu: Daphnis nerii, nondo wa kijani mwenye michoro kama jiwe la marumaru, ambaye kiwavi wake hula oleanda, ule mmea wa bustanini wenye maua ya waridi na utomvu wa sumu. Huyo alipita juu ya taa bila kujigeuza. Kwa nini yeye aweze na wengine wasiweze, bado ni kitendawili.

Jambo moja zaidi kabla hatujatoka nje. Kanuni ya mgongo inaeleza kwa nini nondo hunaswa akiwa karibu. Haimaanishi kwamba taa yako inawaita kutoka mlimani. Taa ndogo ya nyumbani huwanasa wanaopita ndani ya makumi machache ya mita. Waliokuja kwenye shuka lako ni majirani zako hasa, na wengi wao wamekulia kwenye majani unayoyafyeka.

Shuka

Tundika shuka jeupe kwenye kamba ya kuanikia nguo, libane kwa vibanio, ncha ya chini iache ilale chini nusu mita. Ile ncha ya chini ina maana yake: wanaoporomoka tumbo juu wataangukia hapo, nawe utawaona badala ya kuwakanyaga. Taa iwe mbele ya shuka, usawa wa kifua, na shuka lote limulikwe. Eneo pana lenye mwanga humpa mdudu mahali pa kutua, na akishatua anatulia. Balbu inayoning'inia peke yake gizani haimpi pa kutua, ndiyo maana anaizunguka mpaka achoke.

Balbu gani? Macho ya nondo wengi huona vizuri urujuanimno (UV, mwanga ambao macho yetu hayauoni), bluu na kijani. Nyekundu kwao ni karibu na giza. Kwa hiyo balbu nyeupe inayoelekea bluu huleta wengi kuliko ya manjano, na taa ya urujuanimno huleta wengi kuliko zote. Mtaani taa hiyo unaijua: ni ile ya kukagulia noti bandia. Nilianza na ya namna hiyo, iliyokuwa imekaa droo ya duka la jamaa yangu, nikaona shuka linang'aa bluu kama limewashwa lenyewe. Kumbe ni sabuni ya unga. Zina kemikali ya kung'arisha inayomeza urujuanimno na kuutoa kama bluu. Linapendeza, ila unaupoteza mwanga uleule ulioukusudia. Shuka la kuonea nondo lifue kwa sabuni ya mche. Na taa yenyewe usiitazame moja kwa moja, hasa zile kubwa.

Usiku mzuri ni wa joto, tulivu, wenye mawingu, mwezi ukiwa haujatoka au umeshazama. Mwezi mpevu ukitamalaki, shuka linabaki na wadudu wachache wa kusukumana. Msimu hapa kwetu ni wa mvua: vuli kuanzia Novemba, kisha masika. Kuna wiki ya kimataifa ya nondo iliyoanzia New Jersey, Marekani, mwaka 2012, nayo huadhimishwa mwishoni mwa Julai. Kwao Julai ni kiangazi kilichochanua. Kwetu ni kipupwe na vumbi. Mimi huwa naiacha ipite, nafanya yangu mvua zikianza.

Siku ya mvua ya kwanza, hata hivyo, usitoke. Kumbikumbi watalifunika shuka lako lote, na sisimizi, vyura na kuku wa jirani watajua kabla yako. Subiri siku mbili tatu. Mvua pia huleta yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, ambaye Wakenya wamempa jina la mji wao mkuu. Haumi, ila ukimponda juu ya ngozi, majimaji yake huunguza na kuacha lengelenge. Mpulize aondoke. Mbu nao watakuja, lakini kwa ajili yako. Wao hufuata pumzi na harufu ya mwili zaidi kuliko taa. Vaa mikono mirefu, na kama umepaka dawa ya mbu, usimshike nondo kwa mkono huo.

Na waambie majirani. Shuka jeupe linalong'aa uani saa tano za usiku, na mtu mzima amelichuchumalia akinong'ona na simu, linaweza kukupeleka kwa mjumbe. Mimi nilielezea kwanza kwa mama mwenye nyumba, naye akaeleza mtaa mzima kwa njia anazozijua yeye. Sasa watoto wanakuja kuniuliza "leo unaanika?"

Mwanga wa pili

Taa inayomleta nondo si taa ya kumpigia picha. Hili ndilo kosa lililonichukua msimu mzima. Nilikuwa napiga chini ya urujuanimno, nondo wa kahawia anatoka zambarau, wa kijani anatoka kijivu, na hakuna programu iliyoweza kuzirudisha rangi, kwa sababu rangi hazikuwahi kuingia kwenye kamera. Mwanga wenye bluu peke yake hauna kitu cha kuonyesha kahawia. Akishatua, ifunike taa ya kwanza kwa mkono au kwa kopo, halafu mmulike kwa mwanga mwingine mweupe wa kawaida.

Mwanga huo wa pili usitoke kwenye flashi ya simu unayopigia. Flashi iliyo kando ya lenzi hupiga magamba uso kwa uso, yakang'aa, na nondo anatoka bapa kama stempu. Tumia tochi au simu ya pili, ishike ubavuni kwa pembe, na mbele yake weka kitu cheupe cha kulainisha: kipande cha kopo la mtindi, karatasi ya choo iliyokunjwa mara mbili. Kadiri kitu hicho kinavyokuwa kikubwa na karibu na mdudu, ndivyo vivuli vinavyolainika. Hapo manyoya ya kifuani yanaanza kuonekana moja moja, na unagundua kwamba wengi wa hawa "wa kahawia" wana zambarau, dhahabu na kijani cha ukungu wa mti.

Kamera itadanganyika na weupe wa shuka. Inaona weupe mwingi, inadhani pamewaka mno, inapunguza, na shuka linatoka kijivu na nondo mweusi tii. Gusa skrini juu ya mdudu, kisha pandisha mwanga kidogo kwa kidole. Kama picha ina mistari ya giza inayokatiza, ni balbu inayowaka na kuzimika kwa kufuata umeme. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo kasi ya kamera ya 1/50 au 1/100 ya sekunde huiondoa mistari. Tochi ya betri mara nyingi haina shida hiyo.

Ukikaribia sana, sehemu inayoonekana sawasawa inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Usipambane nayo. Shika simu ilale sambamba na mabawa, na bawa lote litaingia ndani ya ganda hilo. Hiyo ndiyo picha ya utambulisho, ya kutoka juu, chosho kidogo lakini ndiyo mtaalamu atakayokuomba. Kisha shuka chini usawa wa uso wake, lenga jicho, upige ya kwako.

Nondo wakubwa wenye mwili mnene, wa familia ya Sphingidae, hukupa ishara kabla ya kuondoka. Mabawa yanaanza kutetemeka, kwanza taratibu kama mtu mwenye homa, kisha mpaka yanakuwa ukungu. Anapasha misuli joto; bila kufika nyuzi joto 35 hivi kifuani hawezi kujiinua. Una dakika moja, pengine mbili. Wanaoanza kuhangaika na mipangilio ya kamera wakati huo huishia na picha ya shuka.

Kuna wanaowaweka kwenye friji watulie. Sifanyi. Nondo aliyepoa hukaa mkao wa maiti, vipapasio vimekunjwa, na picha inamsema. Njia bora ni kuzima taa mapema, halafu kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kumtafuta kwenye gome au ukutani. Amelala, hewa imetulia, na mwanga wa mawingu wa saa hiyo hakuna tochi inayoufikia.

Waliokuja

Chukua funguo, zichezeshe karibu na shuka. Baadhi ya nondo watadondoka kama mawe, wengine watayumba. Mlio wa chuma una sauti kali ambazo masikio yetu hayazipati ila yao yanazipata, na kwao sauti hizo maana yake ni popo, ambaye huwinda gizani kwa milio ya namna hiyo. Sikio la nondo wa jamii ya viwavijeshi lina seli mbili tu za kusikia, na zinamtosha. Wengine wamekwenda mbali zaidi: mwaka 2009 watafiti Marekani walionyesha kwamba nondo mmoja wa huko, Bertholdia trigona, hutoa milio yake mwenyewe na kumvurugia popo masafa. Na mikia mirefu ya nondo wa mwezi, ambao hapa Afrika wanawakilishwa na Actias mimosae wa kijani kibichi, si mapambo. Mwaka 2015 ilithibitishwa kwa ndugu yake wa Marekani kwamba mikia ile inayojisokota humfanya popo ashambulie nyuma, akaondoka na kipande cha mkia huku mwenye mkia akiendelea na safari.

Msimu uliopita alitua mmoja ambaye nilidhani ni kipande cha gome. Mkubwa, tumbo la mistari ya manjano, na mgongoni alama kama fuvu la mtu. Nilimgusa kwa jani la nyasi asogee kwenye mwanga, akalia. Ndiyo, alilia, mlio wa panya aliyebanwa mlangoni. Kijana wa jirani aliyekuwa ananishikia tochi aliiachia tochi. Ni Acherontia atropos: anasukuma hewa kupitia mrija wake mfupi mnene wa mdomoni. Mrija huo si wa maua. Huingia nao kwenye mizinga ya nyuki usiku na kunyonya asali, akiwa amejipaka harufu inayofanana na ya nyuki wenyewe. Kiwavi wake, mnene kama kidole gumba, hula majani ya viazi mviringo na bilinganya, kwa hiyo pengine umewahi kumtupa bila kumjua ukubwani.

Wageni wote si wa kushangiliwa. Mmoja mdogo wa kijivu, wa kawaida kabisa, huenda ni nondo wa viwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, aliyegunduliwa Afrika mwaka 2016 na kufika Tanzania na Kenya mwaka uliofuata. Ndugu yake wa zamani, Spodoptera exempta, huhesabiwa kwa mitego yenye harufu ya jike. Madume yakijaa mtegoni, wakulima wanajua viwavi wanafuata wiki zijazo. Kumhesabu nondo ni kusoma habari za mahindi kabla hazijatokea.

Wanaonirudisha uani usiku, lakini, ni wale wa mpapai. Mpapai wa kienyeji una dume na jike. Ua la dume lina nekta na hutoa harufu jua likizama. La jike halina nekta; linafanana tu na la dume vya kutosha kumpotezea mgeni sekunde moja, naye kwa sekunde hiyo anaacha chavua. Mgeni mwenyewe ni Sphingidae. Mwaka 2009 Dino Martins na Steven Johnson walichapisha utafiti wao wa mashamba ya mipapai Kenya: nondo hawa ndio waliokuwa wakiichavusha, na mashamba yaliyokaribiana na pori zuri yalinufaika zaidi. Mbegu nyingi za kisasa hutoa mipapai yenye maua ya jinsia zote mbili, hiyo haiwategemei sana. Yangu ni ya kienyeji.

Kuwaona pale, taa ya shuka haifai. Funga karatasi nyekundu ya plastiki kwenye tochi, kaa karibu na mpapai dume kuanzia saa moja kasorobo jioni, nyamaza. Ishike tochi usawa wa jicho lako. Macho yao yatarudisha mwanga kama vipunje viwili vya makaa vinavyoelea. Anasimama hewani mbele ya ua, mrija umenyooka, sekunde moja, anahamia jingine. Na usidhani anapapasa. Mwaka 2002 Almut Kelber na wenzake walithibitisha kwamba Sphingidae mmoja wa Ulaya hutofautisha rangi kwenye mwanga hafifu wa nyota, ambapo mimi na wewe tunaona kijivu tu.

Kuzima

Taa yangu ya shuka huzimwa saa nne, siku nzuri saa tano. Sababu umeshaiona: aliyenaswa hali, hatafuti mwenzi, hatagi, na akibaki mpaka alfajiri ndege watakuja kunywea chai shukani. Ile taa ya ulinzi nimeibadilisha, nimeweka ya manjano, inayowaka mtu akipita. Ninafagia mabawa machache sana sasa. Mijusi kafiri wamehamia kwa jirani.

Na kama una ile taa ya zambarau ya kuua mbu kwa shoti, itazame kesho asubuhi. Mwaka 1996 watafiti wawili Marekani walihesabu wadudu 13,789 waliouawa na taa za aina hiyo. Waliokuwa wanauma watu, mbu wakiwemo, walikuwa 31.

Majina ya wageni wako utayatafuta iNaturalist, tovuti ambako watu huweka picha za viumbe na wengine huwatambua, na kwenye hazina ya Afromoths inayoorodhesha nondo wa Afrika kusini mwa Sahara. Andika tarehe, mahali na mmea aliokuwa juu yake. Wengi wa wangu wameishia kwenye jina la familia tu, wapo hapo miaka miwili wakisubiri anayewajua.

Picha ninayoipenda kuliko zote haikutoka kwenye shuka. Ilikuwa jioni ya Desemba, umeme umekatika mtaa mzima, nimekaa na tochi nyekundu chini ya mpapai. Nilipiga arobaini na kitu. Thelathini ni za ua peke yake, sita ni za mkia. Moja ina bawa lililotoka nje ya fremu na jicho lililo laini kidogo, na mrija, mrefu kama kidole changu cha kati, umeingia kwenye ua la jike lisilokuwa na kitu.